"Anakaa kwetu kama ndugu"

Mwenyekiti wa mtaa, walimu, wazazi wangu, nanyi vijana wa stendi mliosimama kule nyuma kama mnaosubiri gari lijae: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie sheria zinazomlinda mtoto anayetumikishwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sheria naifahamu kiasi chake, lakini nitaanza na kikaratasi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda stendi ya mabasi ya Magufuli, Dar es Salaam, alfajiri kupokea mzigo. Akashuka binti kwenye basi la mikoani, na begi lake la shangazi kaja, mkononi kashika kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani kuna namba ya simu na jina la mama fulani, basi. Nikamuuliza umri. "Kumi na sita." Kajibu haraka, kama shairi la shule. Nikamuuliza wenzake aliowaacha wako darasa la ngapi. Akasema la sita.

Nililichukua jibu hilo, na huwa nawafundisha vijana wa bodaboda: usimuulize mtoto miaka, muulize darasa. Miaka ameshapangiwa na aliyempandisha gari. Darasa hakuna aliyekumbuka kumpangia.

Yule mama akaja. Mtu mpole tu, kavaa kitenge chake vizuri, akamkumbatia. "Mtoto wa dada yangu huyu, atakaa kwetu kama ndugu." Nami nikaenda zangu na mzigo wangu. Sikumuuliza binti kama anamfahamu, na sikumwita askari aliyekuwa hatua hamsini kutoka pale.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana neno "ndugu" ndilo linalotufunga midomo mitaani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, na isimzuie kusoma wala kumdhuru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumwajiri aliye chini ya 14. Halafu sheria ya 2009 inatupa kipimo cha unyonyaji ambacho hata asiyesoma anaweza kukitumia: kazi inayozidi saa sita kwa siku, kazi isiyolingana na umri wake, kazi inayomharibia afya au makuzi, au malipo yasiyotosha. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi kabisa.

Hebu hesabuni. Mtoto anaamka saa kumi na moja kuwaandalia wenzake uji waende shule. Analala baada ya baba mwenye nyumba kurudi, kula, na vyombo kuoshwa. Hapo sijataja kufua. Saa sita zilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Mshahara ukiuliza, "namtunzia". Unamtunzia wapi? Kitabu cha benki kiko wapi? Na kama ni ndugu kweli, mbona sare za shule wanavaa wengine?

Sitawaficha, adhabu ya kosa hili la utumikishaji ni hafifu. Sheria ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi laki moja au kifungo cha miezi mitatu. Kuna familia zinatumia zaidi ya hapo kwenye keki ya besdei. Lakini anayemtoa mtoto kijijini kwa ahadi ya shule, akamsafirisha na kumkabidhi kwa mtu wa kumtumikisha, huyo ameingia kwenye sheria nyingine, ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Huko kifungo kinahesabiwa kwa miaka. Sheria hiyo inamgusa anayemchukua, anayemsafirisha na anayempokea, na kusema "mwenyewe alikubali" hakukusaidii. Mtoto hana mamlaka ya kukubali kunyonywa, hata mzazi wake angepiga dole gumba mbele ya mwenyekiti.

Likija suala la ukatili wa kingono, naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu kesi nyingi zinafia nyumbani siku ya kwanza. Usimwogeshe mtoto. Nguo usizifue. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana unyevu unaharibu ushahidi. Mpeleke hospitali mapema, dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Polisi mtapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono zina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, mtoto asizungushwe akisimulia yaleyale kwa kila mtu. Na wazee wangu, lile la kukaa jamvini, mkapokea fedha na kuyamaliza: kosa hilo si la familia kusamehe. Ni la Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki.

Mtoto mwenyewe anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na si uongo. Ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama. Ziko hukumu zilizoanguka kwenye rufaa kwa sababu haikuandikwa. Mkiwa na mtoto mahakamani, mwendesha mashtaka mkumbusheni, hamtakuwa mmemkosea adabu.

Wa kumwambia ni nani? Mtu yeyote mwenye taarifa ana wajibu wa kisheria kuitoa kwa serikali ya mtaa, hivyo mwenyekiti, mlango wako ndio wa kwanza. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, bure, saa 24. Ukiona aibu kumshtaki jirani, piga 116 ukiwa chumbani kwako.

Nimalizie na swali nililopewa mlangoni. Mzee mmoja anasema mjukuu wake ana miaka 17, amefukuzwa wiki jana baada ya kazi ya miaka mitatu bila kulipwa, afanye nini? Mzee wangu, nenda naye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Mnajaza fomu namba moja, na hamlipi kitu. Kuachishwa kazi kunalalamikiwa ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Wiki imeshakwenda. Tukitoka hapa tukae pale chini ya mwembe, fomu ninazo kwenye mkoba.