Alizeti? Nani Kasema?

Ndugu zangu wafugaji nyuki, mizinga mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye ugomvi wangu wa siku zote: kibandiko. Ndoo inatoka Manyoni imeandikwa "asali ya alizeti". Nani kasema? "Mzinga ulikuwa kando ya shamba la alizeti." Kwani nyuki akitaka kuruka kilomita mbili tatu anaomba ruhusa kwa mwenye shamba? Mgunga ukichanua ng'ambo ya korongo, anakwenda zake.

Mmea huacha alama kwenye mbochi, ule utamu nyuki anaoufyonza kwenye ua. Mfano wangu ni mchungwa, na walionisikia watanivumilia. Asali yake huwa na methili anthranilati, kiambata chenye harufu. Basi, tumemaliza? Wapi! Kiambata hichohicho hutengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye peremende zipate ladha ya zabibu. Mjanja akidondoshea asali yoyote, kipimo kitaapa kwamba ni mchungwa. Ndiyo maana wakemia hutafuta na kiambata kingine, hesperetini. Kwenye mbochi ya mchungwa imeshikana na sukari, inaitwa hesperidini. Vimeng'enya vya nyuki huiondoa ile sukari, na kwenye asali unakuta hesperetini tupu. Mmeona? Kilichomo kwenye ua sicho utakachokikuta kwenye asali! Halafu mtu anapima asali peke yake, ua hajaligusa, anatuletea majibu.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa: "Mimi nikionja najua." Sawa baba, unajua. Ila ulimi wako hausafiri na ndoo. Mwingine atasema tuhesabu chavua kwa hadubini. Inasaidia, sikatai, lakini chujio laini sana huizuia, na asali ya mchungwa halisi mara nyingi ina chavua kidogo ya mchungwa.

Na msiniletee viambata kama krisini na pinosembrini mkasema ni za ua fulani. Mara nyingi hizo zimetoka kwenye gundi ya nyuki, ile anayozibia nyufa za mzinga. Na kiambata cha kwersetini, mseme ndiyo alama ya alizeti? Hata kitunguu kinayo. Tafuteni viambata kadhaa kwa pamoja, si kimoja.

Vichaka vya Itigi nilikuwa nimeviandalia maelezo, lakini huyu mwenye saa nimeshamwona. Msimu huu, mti ukichanua karibu na mizinga, chuma maua, yakaushe kivulini, andika tarehe na mahali. Ukirina, weka kopo la asali hiyo kando yake. Bila hivyo maabara italinganisha na nini?

Asali ya alizeti kuganda mapema ni kwa sababu ya wingi wa glukosi, si sukari ya dukani, mwambieni mteja. Haya, maswali.