Taa za Breki Zinagoma? Tazama Hapa Kabla Hujanunua Kifaa

Haya jamani, karibuni. Leo ni taa za breki za nyuma, pamoja na ile nyekundu ya kwenye dashibodi. Wengi huzichanganya. Ile nyekundu yenye alama ya mshangao kwa kawaida haina habari na balbu zako za nyuma, yenyewe inalinda hendibreki na mafuta ya breki. Tutaifikia.

Washa swichi, injini iache. Mtu akanyage breki, wewe zunguka nyuma. Huna mtu? Bana mti wa ufagio kati ya kiti na pedeli. Mimi napenda ufagio zaidi, hauchezei simu.

Upande mmoja haujawaka? Shuku balbu au holda yake. Zote zimelala, hadi ile ya juu kwenye kioo? Basi balbu ziache kwanza, anza na fyuzi, kisha swichi ya pedeli. Ni nadra balbu zote kuungua kwa mpigo.

Balbu sasa. Fungua kifuniko ndani ya buti, zungusha holda, vuta. Magari mengi yana hii ya nyuzi mbili, 21/5: wati 21 za breki, wati 5 za taa ndogo. Ngoja, kamera inapiga picha bampa... haya, hapo. Mnaziona hizi pini mbili ubavuni? Haziko usawa, moja imepanda, moja imeshuka. Kwa hiyo balbu ina upande wake. Ikigoma kuingia usiilazimishe. Itoe, igeuze nusu mzunguko, sukuma taratibu, zungusha. Narudia, usiilazimishe! Ikikaa kinyume, taa ndogo inawaka kali muda wote, na ukikanyaga breki, anayekufuata haoni tofauti yoyote. Na usiweke balbu ya uzi mmoja kwenye holda ya nyuzi mbili, hata kama imeingia. Utakanyaga breki halafu taa za dashibodi nazo ziwake, uanze kusema gari limerogwa.

Holda ikiwa na ukungu wa kijani, pitisha msasa laini. Ikiwa imeyeyuka, badilisha. Na ukiona ukikanyaga breki indiketa inafifia au taa nyingine zinawaka kidogo kidogo, kagua waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Na zikiwaka zisizime? Hapa ndipo napopenda. Kabla hujashika spana, inua zulia la dereva. Shika tochi... mkono wangu unaziba, samahani. Mnaona hivi vipande vya plastiki, kama makombo ya biskuti? Ni kile kizibo kidogo cha kwenye mkono wa pedeli, ndicho kinachosukuma kichwa cha swichi. Kikipasuka, kichwa kinapenya kwenye tundu, swichi inadhani umekanyaga breki, na asubuhi betri imekwisha. Swichi nzima haina kosa! Weka kizibo kipya, basi.

Kama kizibo kipo, chukua tesita, kile kitaa cha kupimia umeme. Waya mmoja wa swichi una moto wakati wote, wa pili upate moto ukikanyaga tu. Moto unaingia lakini hautoki? Swichi imekufa. Kwenye gari la otomatiki huenda hata gia ikakataa kutoka P, ile ya kuegesha, kwa sababu inasubiri ishara hiyohiyo.

Sasa ile nyekundu. Shusha hendibreki mpaka mwisho, kisha itikise. Ikizima ukitikisa, swichi yake ndiyo inasumbua. Isipozima, fungua boneti, tazama chupa ya mafuta ya breki. Yako chini ya MIN? Usikimbilie kujaza. Usikimbilie! Pedi zikiisha, pistoni hutoka zaidi na mafuta hushuka yenyewe. Ukijaza leo, siku ya kufunga pedi mpya yatamwagika juu, na mafuta haya yanakula rangi ya gari. Kagua pedi kwanza, halafu kila tairi kwa ndani, kama kuna unyevunyevu. Ukiongeza, fuata maandishi ya kifuniko, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo.

Taa nyekundu inawaka na pedeli inazama hadi chini? Hapo gari haliendi popote, hata gereji livutwe.

Ile ya njano ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, inataka kompyuta, kwa hiyo leo siigusi. Nirudishieni ufagio wangu.