Mshenzi wa Wakolosai 3:11 alikuwa nani?

NEEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo kaka Elia kaja na mstari wa Biblia.

ELIA: Wakolosai 3:11, dada, kwenye tafsiri ya Union: "mgeni wala Mshenzi, mtumwa wala mwungwana". Sasa fungua Kigiriki chake. Penye Mshenzi pameandikwa Skythes, yaani Mskithi. Ni jina la watu, wenye nchi yao!

NEEMA: Ngoja kwanza. Taifa zima limegeuzwa "mshenzi"?

ELIA: Ndiyo, na mtafsiri hakukurupuka. Kwa Mgiriki, yeyote asiyesema Kigiriki alikuwa barbaros, mtu wa kubwabwaja bar-bar. Kati ya hao wote, Mskithi ndiye aliyehesabiwa wa mwisho kabisa: mfugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, mpanda farasi mwenye upinde, nyumba yake gari la kukokotwa.

NEEMA: Na kunywa kwake pia kulisemwa.

ELIA: Sana. Mgiriki mwenye adabu alitia maji kwenye divai. Mskithi aliinywa kavu. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Wasparta, Wagiriki wa mji wa Sparta, walidai mfalme wao Cleomenes alipata wazimu kwa kuiga unywaji huo kutoka kwa wajumbe wa Kiskithi. Wakitaka divai kali, walisema wamiminiwe Kiskithi.

NEEMA: Mimi kinachoniuma ni Athens. Karne ya 5 KK, waliotunza utulivu mikutanoni walikuwa Waskithi, watumwa wa mji. Mwaka 411 KK Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, akampandisha mmoja jukwaani, anaongea Kigiriki cha kuungaunga ili watu wacheke. Mtu anakulinda, wewe unamcheka matamshi!

ELIA: Na huyohuyo Herodotus ametaja Waskithi wakulima, waliopanda nafaka kwa ajili ya kuuza.

NEEMA: Lakini tumpe haki yake. Anasema mengine yao hayamvutii, ila kwa kutoshikika kwao anawapa heko. Mfalme Darius wa Uajemi alipowavamia, wakawa wanarudi nyuma tu. Akawauliza mbona mnakimbia. Mfalme wao Idanthyrsus akajibu: hatukimbii, hivi ndivyo tunavyoishi, hatuna mji wala shamba la kuogopea, ila mkithubutu kugusa makaburi ya baba zetu mtatuona.

ELIA: Jibu zito hilo. Mimi huwa narudi kwenye kikombe cha Kul-Oba, dada. Kilichimbuliwa mwaka 1830 kwenye kaburi karibu na Kerch, Crimea. Ni cha mchanganyiko wa dhahabu na fedha, na wengi wanaona ni kazi ya fundi wa Kigiriki. Kukizunguka kuna wanaume wa Kiskithi, ndevu na suruali zao zimechongwa kwa subira. Mmoja anatia upote kwenye upinde. Mwingine anamfunga mwenzake jeraha la mguu.

NEEMA: Na yule wa jino?

ELIA: Amepiga goti, vidole vyake viko kinywani mwa mwenzake. Mgonjwa kaung'ang'ania mkono wake, vile mtu anavyofanya jino likiguswa.