Ardennes kwa baiskeli: angalia mito kwanza, milima baadae

Shikamooni wazee, mambo vijana. Naona watu wa Lubumbashi wapo, wa Bukavu wapo, wa Tanga mmejazana kule nyuma karibu na chai kama kawaida yenu, sawa tu. Mmeniita hapa Liège niongelee njia za baiskeli za Ardennes, ile nchi ya misitu na mabonde kusini-mashariki mwa Ubelgiji, na mi naongelea barabara za lami, sio mambo ya kuruka mizizi porini, hiyo watafuteni wenyewe wenye magoti mapya.

Kinachowaponza watu wetu wakifika huku ni namba. Sehemu ya juu kabisa ya Ubelgiji nzima inaitwa Signal de Botrange, mita 694, basi. Tena mwaka 1923 wakajenga pale kilima cha mita 6 chenye ngazi ili mtu akisimama juu aseme yupo mita 700, na mi kwa hilo nawapenda sana hawa jamaa. Sasa mtu amekulia Lushoto, mji wenyewe uko kama mita 1,400, au katokea Bukavu karibu mita 1,500, akisikia 694 anacheka, anaazima baiskeli ya rafiki yake yenye gia ngumu za mashindano, huyo kaondoka. Saa nane mchana anapiga simu aje achukuliwe na gari.

Kwanini? Hii milima zamani sana ilikuwa milima kweli, tunaongelea miaka kama milioni 300 iliyopita, ikaliwa na mvua na upepo mpaka ikawa tambarare, alafu ardhi ikainuka tena polepole na mito ikaendelea kuchimba chini. Kwahiyo ukiwa juu unaona uwanda, misitu ya misonobari na ng'ombe, kumetulia kabisa, ila katikati yake kuna mabonde yaliyokatwa na mito ya Ourthe, Amblève, Salm, Lienne, na kule kusini Semois. Ni kama matuta ya viazi, ukitembea ndani ya mfereji unaenda raha mustarehe, ukiamua kuyakata matuta kwa upana utajuta. Na barabara nyingi zinayakata kwa upana. Hupandi mlima mmoja wa saa mbili ukaumaliza, unapanda dakika kumi, unashuka kilomita tatu, daraja, mto, unapanda tena dakika kumi na tano, daraja, mto, na hujawahi kufika hata mita 600 lakini jioni ukiangalia kile kisaa cha baiskeli umeshapanda mita 2,500. Mashindano makubwa ya baiskeli ya Liège–Bastogne–Liège yenyewe, yalioanza 1892, wanapanda zaidi ya mita 4,000 kwenye kilomita 250 na kitu, na hamna mlima hata mmoja pale ambao mtu wa Kigali angesema huu ni mlima.

Kwahiyo kabla hujaangalia milima kwenye ramani, angalia mito. Unataka siku nyepesi, fuata mto. Unataka mateso, ikate mito.

Nyepesi ni hii hapa ya Ourthe. Unatokea hapa hapa Liège, mtaa wa Angleur, unashika njia ya RAVeL, yani zile njia za baiskeli na waenda kwa miguu, inayofuata maji kuelekea Comblain-au-Pont na Hamoir, hamna mwinuko wa kusema, magari machache au hamna kabisa. Shida yake Jumapili jua likiwaka watu wote wa Liège wako pale na mbwa na watoto, kwahiyo usiende pale kutafuta spidi, utagombana na bibi za watu bure.

Ya pili ndo mi naipenda kuisimulia, Vennbahn. Hii ilikuwa reli, iling'olewa ikawekwa lami, sasa hivi ni kilomita 125 kutoka Aachen Ujerumani mpaka Troisvierges kule Luxembourg. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwahiyo na wewe hupandi mwinuko mkali, kama asilimia 2 hivi basi, unapita Roetgen, Monschau, Sourbrodt, Waimes, Sankt Vith, sehemu kubwa msitu pande zote. Kichekesho chake ni mpaka. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, mkataba wa Versailles wa 1919 ukafanya Ubelgiji ichukue reli yote, hata pale inapopita katikati ya Ujerumani. Reli imekufa, treni hamna, lakini ule ukanda mwembamba wa njia mpaka leo ni ardhi ya Ubelgiji, kwahiyo kuna vipande vya Ujerumani vimebaki upande wa pili vimezungukwa, yani mtu nyumba yake iko Ujerumani, akitaka kwenda dukani avuke Ubelgiji ya upana wa njia ya baiskeli. Sisi tuliotoka kwenye mipaka iliyochorwa na hawa hawa tunaelewa huo utani vizuri sana.

Haya, sasa mateso. Hapa nakaa kidogo maana ndo nusu yenu mmekujia hiki.

Panda treni ya kwenda Luxembourg, shuka Trois-Ponts. Kutoka pale unapanda kijiji cha Wanne, ule upande wanaopanda kwenye Liège–Bastogne–Liège ni kilomita 3.6 kwa asilimia 5, unavumilika, usijitie wazimu hapo. Unashuka Stavelot. Stavelot ina mawe kwenye uwanja wake, yakilowa yanateleza, shukeni taratibu. Hapo hapo Stavelot unaanza Stockeu, kilomita 1 tu, lakini wastani ni zaidi ya asilimia 12, na juu kabisa kuna mnara wa kumbukumbu wa Eddy Merckx, yule Mbelgiji bingwa wa baiskeli aliyeshinda Liège–Bastogne–Liège mara 5. Watu wanasimama kupiga picha, wanasema ni kwa heshima ya Merckx, ukweli wanatafuta pumzi. Unarudi chini Stavelot tena, alafu Haute-Levée, kilomita 3.6, barabara pana ya magari, mimi siipendi kabisa, pita tu iishe. Ukimaliza hiyo ndo zawadi inakuja, Rosier, zaidi ya kilomita 4, wastani karibu asilimia 6, karibu yote ndani ya msitu, kimya, kivuli, unapata mwendo wako na unabaki nao. Kwangu mimi huu ndo mlima mzuri kuliko yote ya Ardennes, na watu hawausemi kwa sababu hauna picha ya kutisha.

Wanaousema ni La Redoute. Unafika Remouchamps, unapita karibu na barabara kuu ya E25, magari yananguruma masikioni wakati wewe unakufa, kilomita 2 kasoro au 2 kamili inategemea nani anapima, wastani karibu asilimia 9, na karibu na juu kuna kipande kinagusa 20. Chini kwenye lami utaona PHIL PHIL PHIL kwa rangi nyeupe, ni mwendesha baiskeli Philippe Gilbert, mtoto wa pale pale, alishinda Liège–Bastogne–Liège 2011. Mbelgiji mwingine, Remco Evenepoel, 2022 aliwaacha wenzake hapo hapo. Ni lazima uupande mara moja, nakubali, lakini kama raha ndo unatafuta, rudi Rosier. Ukishuka unafika Aywaille, stesheni ipo, treni inakurudisha Liège. Jumla kama kilomita 60 na ushee kutegemea unavyozungukia mji wa Spa.

Gia sasa. Meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma, na yeyote atakayewacheka mwacheni acheke, mtamkuta Stockeu anasukuma. Tairi milimita 28 au zaidi.

Mvua msiichukulie poa. Kule juu Hautes Fagnes, ule uwanda wa Botrange, kunanyesha kuliko karibu kote Ubelgiji, na chini ya miti lami haikauki, huku kwenye mashamba jua linawaka ukiingia msituni kona ya kwanza kuna majani yaliyooza na tope la matrekta ya magogo. Tarehe 20 Aprili 1980 Mfaransa Bernard Hinault alishinda Liège–Bastogne–Liège kwenye theluji, walianza watu 174 wakamaliza 21, alimwacha wa pili zaidi ya dakika 9, na vidole vyake viwili havikupona sawasawa. Ni mwezi wa nne huo! Kwahiyo jaketi jepesi mfukoni hata kama asubuhi mbingu ni bluu, maana unatoka jasho kupanda alafu unashuka kilomita tatu na shati limelowa, hapo ndo watu wanaumwa.

Magari: nje ya mji dereva anatakiwa akuachie mita 1.5. Wengi wanaacha. Pikipiki za wikiendi upande wa Francorchamps ndo kelele. Na mkienda wengi, kuanzia 15, sheria inawaruhusu kwenda wawili wawili na kuiacha ile njia ya baiskeli ya pembeni, mkiwa wachache fuateni ile njia yenye alama ya duara ya bluu.

Kuna dada ameuliza kama ana mtoto wa miaka kumi aanzie wapi. Comblain mpaka Hamoir, pembeni ya mto, alafu mnapanda treni Hamoir kurudi. Baiskeli inakatiwa tiketi yake, ile ya kukunja inaingia bure, na angalieni ratiba kabla kwa sababu treni za huko haziji kila dakika kumi. Haya, mwingine, yule mzee mwenye kofia.