Kahawa ya Maziwa Mbele ya Jeneza

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Baraka, kabla ya salamu: kitabu umekimaliza, au umeniachia mimi tena kama mwezi uliopita?

BARAKA: Nimekimaliza, dada, tena mara mbili. Si kitabu chembamba kile? Mara ya kwanza nilimchukia yule jamaa. Mara ya pili nikaanza kuwachukia waliomhukumu.

ZUHURA: Mimi imekuwa kinyume, kwa hiyo leo tutagombana. Kwa ambao hawajakisoma, tunazungumzia L'Étranger, yaani “Mgeni”, riwaya ya mwandishi Mfaransa Albert Camus. Kilitoka Paris mwaka 1942, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, ila mambo yote yanatokea Algeria ya kikoloni. Kuna karani wa Algiers anaitwa Meursault. Mama yake anafia kwenye nyumba ya wazee huko Marengo, kilomita 80 kutoka mjini. Anakwenda kumzika, halii. Kesho yake anaogelea baharini, anakutana na Marie, jioni wanakwenda sinema kuangalia kichekesho. Baadaye kidogo anampiga Mwarabu risasi ufukweni, anashtakiwa...

BARAKA: ...na mahakama inashughulika zaidi na yale mazishi kuliko na ile maiti ya ufukweni.

ZUHURA: Tusikimbie. Anza na sentensi ya kwanza.

BARAKA: “Leo mama amekufa. Au labda jana, sijui.” Dada, mimi nimejaribu kuitafsiri hii na nimekwama kwenye kitenzi kimoja tu. Sisi nani anasema mama yake “amekufa”? Mama amefariki. Mama ametutoka. Mama ametangulia mbele ya haki. Kuku ndiye anayekufa.

ZUHURA: Simu nayo huwa inakufa.

BARAKA: Na simu. Sasa ukiweka “amefariki”, Meursault ameshavaa kanzu ya heshima ambayo yeye mwenyewe hakuivaa. Ukiweka “amekufa”, msomaji wa Kiswahili anashtuka kuliko alivyoshtuka Mfaransa. Maana kwa Kifaransa neno lenyewe ni la kawaida, tena anamwita “maman”, kama mtoto. Ule ubaridi unatokana na kile “labda jana”.

ZUHURA: Ambacho wala si ubaridi! Hapo mimi nakutetea kabla hatujagombana. Ameletewa telegramu: mama amefariki, mazishi kesho, mwisho salamu za kiofisi. Tarehe ya kifo haimo. Mtu anakwambia ukweli kwamba hajui ni leo au jana, sisi tunamwona hana moyo.

BARAKA: Na angalia nyakati. Kifaransa kina wakati uliopita wa vitabuni, ule wa “hapo zamani za kale”, na kina ule wa watu wanaoongea barazani. Camus kachukua wa barazani, kitabu kizima. Sartre, yule mwanafalsafa Mfaransa, alikiandikia uhakiki mwaka 1943, akasema kila sentensi mle ni kisiwa. Ndivyo ilivyo. Nilikula. Nililala. Nilivuta sigara. Sisi Kiswahili kinatusukuma tuunganishe, “akala, akalala, akavuta”, ile -ka- inavuta jambo hili kuzaa jambo lile. Meursault hana -ka-.

ZUHURA: Hii naiba, nitaitumia darasani. Sasa twende kwenye kahawa, maana najua unaisubiri.

BARAKA: Naisubiri tangu jana! Usiku wa kukesha na maiti, bawabu wa ile nyumba ya wazee anamuuliza, nikuletee kahawa ya maziwa? Anakunywa. Anatamani sigara, anasita kwanza kwa sababu ya mama, halafu anaona haina neno, anampa na bawabu moja, wanavuta. Basi. Kule mahakamani kikombe kile kinageuka ushahidi. Bawabu mwenyewe anakiri kwamba kahawa ni yeye aliyeitoa. Unajua mwendesha mashtaka anajibu nini? Kwamba mgeni anaweza kutoa kahawa, ila mtoto alipaswa kuikataa mbele ya mwili wa aliyemzaa.

ZUHURA: Huku kwetu msiba bila chai ya usiku haujawa msiba.

BARAKA: Ndiyo maana nilicheka peke yangu kwenye daladala. Lakini kicheko kilinikwama, dada. Bibi alipofariki mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilipewa kazi ya viti vya kukodi, nivihesabu vinaposhushwa, nivihesabu vinaporudi. Viti 120, vikarudi 118. Siku nzima kichwani mwangu kulikuwa na viti viwili. Sikulia. Jioni nikamsikia mama mdogo jikoni anawaambia wenzake, “Huyu mtoto ana roho ngumu.” Mpaka leo, nikichelewa kumpigia simu, ananikumbusha.

ZUHURA: Pole. Viti vilipatikana?

BARAKA: Kimoja.

ZUHURA: Basi ushahidi wako upo kwenye kitabu, ule wa mzee Salamano, jirani mwenye mbwa wa ukurutu. Wamekaa pamoja miaka minane, kila siku anamtukana na kumpiga. Mbwa anapotea. Usiku Meursault anasikia kasauti ka ajabu nyuma ya ukuta, anatambua mzee analia. Halafu anasema hajui kwa nini akamkumbuka mama. Anaongeza kwamba kesho inabidi aamke mapema, hana njaa, akalala bila kula.

BARAKA: Huyo ndiye analia pale. Kwa tumbo.

ZUHURA: Kwa tumbo, ndiyo. Na Céleste, mwenye mgahawa, anaposimama kizimbani kumtetea, maneno yakamwishia, akabaki kusema tu kwamba kwake hili ni balaa. Meursault anasema ndiyo mara ya kwanza maishani ametamani kumbusu mwanamume. Hisia anazo. Asichokuwa nacho ni yale maneno tunayoyapanga mlangoni kabla ya kuingia msibani.

BARAKA: Ndicho Camus alichosema mwaka 1955, alipoandikia dibaji toleo la wanafunzi wa Marekani: jamaa anahukumiwa kwa sababu hachezi ule mchezo. Anakataa kusema uongo, hata wa kuongeza chumvi kidogo.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo tunaachana.

BARAKA: Nilijua.

ZUHURA: Hasemi uongo? Nani alimwandikia Raymond, jirani yake mwingine, ile barua? Raymond anataka kumrudisha hawara yake ili amdhalilishe. Meursault anakaa, anaandika, vizuri kabisa, kwa sababu hana sababu ya kumkatalia. Mwanamke anapigwa mpaka polisi wanaitwa. Halafu Meursault huyo huyo anakwenda kituoni kusema kwamba mwanamke ndiye aliyemkosea Raymond. Na yule Mwarabu wa ufukweni ni kaka yake huyo dada. Kutojali kuna mtu kunamwangukia, Baraka.

BARAKA: Lakini hiyo si ndiyo absadi yenyewe? Mambo hayana sababu. Jua, jasho, kisu kinamulika, kidole...

ZUHURA: Kwanza hilo neno. Watu wanatafsiri “upuuzi”, mimi silipendi, upuuzi una dharau ndani yake. Mhubiri wa kwenye Biblia anasema “ubatili”, karibu kidogo. Camus mwenyewe, kwenye insha yake ya mwaka huo huo wa 1942 kuhusu Sisyphus, yule wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe milele, hasemi ulimwengu ni upuuzi. Anasema binadamu anauliza, ulimwengu unanyamaza, na absadi iko pale katikati, kwenye kunyamaziwa. Sawa. Lakini jua lilimaliza kazi yake kwenye risasi ya kwanza. Akasimama. Ndipo akaongeza nne kwenye mwili uliokwisha lala. Hizo nne jua lilikuwa wapi?

BARAKA: (kimya kidogo) Hata hakimu mpelelezi alimuuliza hilo. Hakujibu.

ZUHURA: Na marehemu hana jina kitabu kizima. Ilichukua mpaka 2013, Kamel Daoud, Mwalgeria, alipoandika riwaya ya kujibu, akampa jina: Musa. Msimulizi ni mdogo wake, na anaanza kwa kusema kwamba leo mama yake bado yu hai.

BARAKA: Hiyo ndiyo sikuwa nimeiona mara ya kwanza. Nilikaa kurasa zote naisuta mahakama kwa kumsahau maiti, kumbe na mimi nimeshamsahau.

ZUHURA: Kuna mahali nilipiga mstari, ni haraka sana, ukipepesa macho inakupita. Siku ya kukamatwa anatiwa kwenye chumba chenye wafungwa wengi, karibu wote Waarabu. Wanacheka walipomwona. Wanamuuliza amefanya nini. Anawajibu, nimeua Mwarabu.

BARAKA: Wakanyamaza.

ZUHURA: Wakanyamaza. Usiku ukaingia. Halafu wakamwonyesha namna ya kutandika mkeka wa kulalia: ukunje ncha moja uizungushe, upate mto.