Mti wa lachi haukatwi kwa kalenda

Ndugu zangu mnaonitazama nyumbani, shikamooni wakubwa, na vijana nawasalimu. Leo niko na bonsai ya lachi, yaani mti uliofanywa mdogo na kukuzwa kwenye chungu. Ni jamii ya misonobari, ila hupukutisha majani yote: yanageuka dhahabu, yanaanguka, unabaki uchi. Mkiuona hivyo msidhani umekufa. Umelala.

Wengi mnauliza, unapogoa mwezi gani? Mwezi haunisaidii. Kuna lachi wa Siberia wanaofika nyuzi 72 kaskazini mwa ikweta, kuna wa milima ya Alpi, kuna wa Japani. Wenye miti hiyo mitatu hawawezi kushika mkasi siku moja. Mimi nalitazama chipukizi lenyewe.

Sogeeni hapa. Haya majani ya vishada yamekaa kwenye vijiti vifupi, hayo siyagusi. Hili refu ndilo lenye kazi. Naliacha likimbie kwanza, lianze kukauka ngozi kule chini, ndipo nalikata hadi yabaki macho mawili au matatu, yaani vile vifundo ambako machipukizi hutokea. Jicho la mwisho lielekee mnakotaka tawi liende, kwa maana ndilo litakaloongoza.

Sasa hali ya hewa. Penye majira mafupi ya joto, nakata mara moja na kuliacha. Ukirudia kukata kwa kuchelewa, chipukizi jipya halitawahi kukomaa kabla ya barafu na litakufa. Uingereza, ambako hewa ni tulivu na majira ni marefu, mti hutoa tena, basi unarudi na mkasi mara ya pili. Na penye kiangazi kikali, mkasi uwekwe chini siku za joto kali. Chungu kinachemka, mizizi inaumia, mti unajikalia tu. Mpe kivuli cha alasiri na maji. Matawi makubwa nayakata mwisho wa baridi, macho yakiwa bado yamefumba.

Jambo ninalolisisitiza sana: lachi hupeleka nguvu kileleni. Juu kateni kwa ukali, chini mpunguze mkono. Watu hulipunguza tawi la chini kwa sababu limejitokeza, na ndilo hasa linalohitaji majani ili linenepe. Na msikate tawi mkalibakiza halina jicho hata moja, mara nyingi hufa lote.

Waya mliozungushia ili kuelekeza matawi nao mwukague kila wiki majira ya joto, shina linanenepa haraka na waya huzama kwenye gome.

Kwa aliyeuliza kama atauotesha penye joto mwaka mzima: hapana. Lachi anahitaji wiki nyingi za baridi, karibu na nyuzi 0 hadi 7, ndipo aamke vizuri. Asipolala, hudhoofika mwaka hadi mwaka. Chukueni mkwaju, au mti wa jamii ya mikuyu. Hao wanapogoleka wakati wowote wakiwa wanakua, na video yao nitaiandaa.