Damu Kwenye Doom Ina Kazi Gani?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko kwenye gemu za kupiga risasi za zamani, zile unazocheza kwa macho ya mhusika mwenyewe na damu imetapakaa hadi ukutani. Zina picha za pikseli kubwa kubwa, hadithi yake ni ya mistari michache, na bado watu hawaziachi. Kwa nini?

KASSIM: Wengi hujibu kwamba watu wanapenda damu. Mimi naona jibu hilo limeishia njiani. Kwenye gemu nzuri za aina hii damu imepewa kazi: inamweleza mchezaji nini kimetokea baada ya kufyatua. Tuchukue Doom, gemu ya kampuni ya id Software ambamo unapambana na askari wafu na mazimwi, iliyotoka tarehe 10 Desemba 1993. Msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 1997, kwa hiyo kila hesabu tutakayoitaja inaweza kukaguliwa na yeyote.

REHEMA: Anza na risasi moja, kaka Kassim.

KASSIM: Risasi moja ya bastola inapunguza uhai wa adui kwa pointi 5, 10 au 15. Gemu inachukua 5 na kuizidisha kwa 1, 2 au 3. Risasi ikigonga ukuta unaona kimoshi. Ikigonga mwili unaona damu, na damu yenyewe ina ukubwa wa aina tatu. Pigo la chini ya 9 linatoa tone dogo, la kati ya 9 na 12 linatoa la wastani, na zaidi ya hapo damu inaruka kwa ukubwa wake wote. Kwa hiyo 5, 10 na 15 kila moja ina sura yake. Hakuna namba inayoelea juu ya kichwa cha adui, wala kile kimstari chekundu cha kupima uhai wake.

REHEMA: Mwenye macho haambiwi tazama. Na hili linafanya kazi hata kwa mchezaji asiyejua hesabu hizo, kwa sababu baada ya saa moja jicho limeshazoea. Lakini roketi haitoi damu hiyo.

KASSIM: Haitoi. Kwenye Doom ya asili, kwa upande wa silaha zako, damu ya kuruka hutokana na risasi, ngumi na msumeno tu. Roketi na mapigo ya bunduki ya plasma yanalipuka juu ya mwili bila hata tone. Roketi ina namna yake nyingine ya kutoa taarifa.

REHEMA: Kusambaratisha! Hapa tusipite mbio, maana ndiyo picha inayokumbukwa kuliko zote, na watu wengi hudhani inatokea kwa bahati. Kanuni ni moja. Kila zimwi anaanza na kiasi fulani cha uhai. Askari mfu wa kawaida ana 20, yule mwenye shotigani ana 30, Imp, zimwi anayerusha moto, ana 60. Pigo la mwisho likishusha uhai chini ya sifuri kwa kiasi kinachozidi ule alioanza nao, mwili unasambaratika. Askari wa 20 lazima afike chini ya hasi 20. Imp lazima afike chini ya hasi 60.

KASSIM: Ndiyo maana shotigani haisambaratishi mtu kamwe, hata ukiigusisha kifuani.

REHEMA: Kamwe. Risasi moja ya shotigani hutoa vipande 7, na kila kipande kinahesabiwa peke yake, 5 hadi 15. Hata askari akibaki na uhai 1 na kipande kikamtoa 15, anaishia hasi 14. Vipande vilivyobaki vinapita hewani, kwa sababu aliyekwisha kufa hapigiki tena. Msumeno nao haufiki: pigo lake kubwa ni 20, na anayebaki na 1 anaishia hasi 19. Amepona kusambaratika kwa tofauti ya 2 tu.

KASSIM: Miongoni mwa zinazofika ni roketi, pipa la kulipuka, na ngumi ukiwa umeokota boksi la Berserk. Ngumi ya kawaida hutoa 2 hadi 20. Berserk inaizidisha mara kumi, 20 hadi 200, na inakurudishia uhai hadi 100 papo hapo. Askari mwenye uhai wote atasambaratika kwa pigo la 60 na kuendelea, yaani karibu mara 8 kati ya 10. Imp anahitaji 140 na kuendelea, karibu mara 4 kati ya 10. Kwa hiyo ukimwona Imp amesambaratika kwa ngumi moja, umepata pigo kubwa kweli, na gemu imekuonyesha hivyo bila kuandika neno.

REHEMA: Tuongeze kwamba si kila zimwi ana kifo hicho. Kwenye Doom ya kwanza wanacho askari wa aina zote mbili, Imp, na mchezaji mwenyewe. Cacodemon, lile zimwi la duara linaloelea, na Baron, zimwi kubwa lenye pembe, wana kifo kimoja tu. Cacodemon ana ajabu yake: ukimpiga risasi anatoka damu nyekundu, akifa anamwagika bluu. Ni ile damu moja inayotumika kwa wote, huku picha za kifo chake zimechorwa kwa rangi nyingine.

KASSIM: Sasa kuna taarifa ya pili, ambayo kwangu ina uzito kuliko hata damu. Kushtuka kwa maumivu. Kila pigo linapompata zimwi, gemu inachukua namba kati ya 0 na 255 kutoka kwenye jedwali lake. Namba hiyo ikiwa chini ya kiwango cha zimwi huyo, anashtuka, anatoa sauti, na anaacha alichokuwa akifanya. Imp kiwango chake ni 200, kwa hiyo anashtuka zaidi ya mara tatu kati ya nne. Cacodemon ni 128, nusu kwa nusu. Baron ni 50, karibu mara moja kati ya tano.

REHEMA: Na hapo rashasha inapata maana. Kwa maumivu ya risasi mojamoja haiizidi bastola hata kidogo.

KASSIM: Sawasawa kabisa na bastola, ila inatoa karibu risasi 9 kwa sekunde. Cacodemon ana uhai 400. Ukimshikilia na rashasha, nusu ya risasi zinamshtua, na kabla hajafungua kinywa cha kurusha moto anashtuliwa tena. Risasi kama 40, sekunde tano hivi, ameanguka bila kukujibu sawasawa. Ukijaribu hivyo hivyo kwa Baron utakufa. Ana uhai 1000, hashtuki kirahisi, na risasi 200 unazoruhusiwa kubeba mwanzoni zitakwisha nyingi mno. Silaha ni nzuri au mbaya kulingana na nani amesimama mbele yako.

REHEMA: Huo ndio utamu wenyewe, kwa maoni yangu. Gemu nyingi za baadaye zimekuwa na damu nyingi kuliko hii, lakini adui wote wanakufa kwa namna moja: lenga kichwa, fyatua. Hapa kila umbo linalotokea mlangoni linakudai uamuzi tofauti.

KASSIM: Na unapewa nafasi ya kuamua, kwa sababu una kasi. Doom inahesabu mambo yake mara 35 kwa sekunde. Ukikimbia mbele unakwenda karibu vipimo 583 vya ramani kwa sekunde. Moto wa Imp unakwenda 350. Wewe una kasi kuliko moto unaorushiwa! Ukibonyeza mbele na ubavu kwa pamoja unaongeza kasi kwa zaidi ya robo, maana gemu inajumlisha misukumo miwili bila kuipunguza.

REHEMA: Kosa la wanaoanza ni kurudi nyuma huku wanafyatua. Ukirudi nyuma bado uko kwenye mstari wa moto ule ule. Nenda ubavuni. Lakini tutenganishe: kukwepa kunasaidia kwa vitu vinavyosafiri, kama moto wa Imp, wa Cacodemon na wa Baron. Risasi za askari hazisafiri, zinafika papo hapo. Kwao kinga ni kona ya ukuta, au kuwawahi. Chumba chenye Imp wanne na askari mmoja mwenye shotigani, anayekwenda kwanza ni askari.

KASSIM: Au usimuue. Mwache akufyatulie wewe huku Imp akiwa katikati yenu.

REHEMA: Kuwagombanisha, naam! Zimwi akipigwa na mwenzake anamgeukia. Mazimwi wa aina moja hawaumizani kwa moto wanaorusha, ila risasi za askari hazichagui, kwa hiyo hata askari na askari watauana. Utaratibu ni huu: jiweke ili adui wawili wa aina tofauti wawe kwenye mstari mmoja na wewe, subiri yule wa nyuma arushe, toka ubavuni. Ukishasikia wanalizana, acha kufyatua. Ukimpiga mmoja wao unaweza kumrudisha kwako na kazi yote imeharibika.

KASSIM: Kisha maiti. Kwenye Doom haziondoki. Ramani zina milango ya funguo za rangi na njia zinazojirudia, na sakafu yenye maiti inakuambia umeshapita hapo. Doom II ya mwaka 1994 ikaligeuza jambo hilo kuwa hatari: zimwi aitwaye Arch-vile anafufua maiti. Ghafla idadi ya miili uliyoiacha chumbani ni deni.

REHEMA: Na kuna hitilafu maarufu hapo. Maiti iliyopondwa na mlango au dari inapoteza urefu na upana wake kwenye hesabu. Arch-vile akiifufua inatoka kama mzimu. Inapita kwenye kuta, risasi haziigusi, na kinachoiumiza ni mtikiso wa mlipuko tu.

KASSIM: Tuseme kidogo juu ya picha. Baron na zimwi jingine, Cyberdemon, vilikuwa vinyago vya udongo vilivyofinyangwa na Adrian Carmack, vikapigwa picha pembe kwa pembe, kisha picha zikarekebishwa kwa mkono. Msumeno ulikuwa wa kweli, bunduki zilitokana na za kuchezea. Ndiyo maana mazimwi hawa wana uzito ambao michoro mitupu ya wakati ule haikuwa nao.

REHEMA: Sasa kwa anayetaka kuanza. Sehemu ya kwanza yenye ramani 9 ilitolewa kugawiwa bure tangu mwanzo, faili lake linaitwa DOOM1.WAD. Utahitaji pia programu ya kuliendesha kwenye kompyuta ya leo. Chocolate Doom inabaki karibu kabisa na ile ya 1993. GZDoom ina marekebisho mengi. Programu ikikataa kwa kusema haioni IWAD, yaani faili kuu la gemu kama hilo DOOM1.WAD, mara nyingi faili halimo kwenye folda moja na programu. Lihamishie hapo.

KASSIM: Tatizo la pili ni kipanya. Kwenye Doom ya asili ukikisukuma kipanya mbele, mhusika anatembea mbele. Mtu anajaribu kulenga, anajikuta ameingia katikati ya mazimwi. Zima mwendo wa wima wa kipanya kwenye mipangilio. Huhitaji kulenga juu wala chini, gemu inalenga yenyewe kwa wima. Kazi yako ni kushoto na kulia.

REHEMA: Kwenye GZDoom zima kuruka, maana ramani hizi hazikujengwa kwa ajili ya kuruka na utavuka mahali ambapo hukutakiwa kuvuka. Zima pia ulainishaji wa picha, unaifanya damu yote kuwa ukungu na zile saizi tatu hazionekani tena. Washa kukimbia muda wote. Ukipata kichefuchefu, punguza mtikisiko wa kutembea.

KASSIM: Kuhusu ugumu, ngazi ya pili hadi ya nne hazibadilishi uhai wa mazimwi wala nguvu ya mapigo yao. Kinachobadilika ni wangapi na vitu gani vimewekwa kwenye ramani. Ya kwanza inakupunguzia maumivu kwa nusu. Ya tano, Nightmare, inaongeza kasi yao na wanafufuka. Anza na ya tatu, ukimaliza ramani 9 rudia kwa ya nne, na uanze kila ramani na bastola na risasi 50.

REHEMA: Na jifunze mapipa mapema. Pipa lina uhai 20, kwa hiyo risasi mbili hadi nne za bastola zinatosha. Nguvu ya mlipuko wake ni 128 katikati yake, na inapungua kwa 1 kila unaposogea kipimo kimoja. Mwili wako una upana wa 32, basi simama mbali kwa zaidi ya upana wa miili minne, subiri askari wapite kandokando yake, ndipo ufyatue.